Azabu iko, lakini tusimunyang'anye tarumbeta



Siku hizi kuna neno linazunguka katika masomo yetu: kwamba mwanafunzi akipata azabu, aondolewe pia katika fanfari na kwaya mpaka mwisho wa mwaka. Mimi niko kati ya wale wanaoandika majina ya wenye makosa, na azabu siikatai. Lakini kwa neno hili ninasema hapana, na nitawapa mufano wa mutu mumoja.

Louis Armstrong alizaliwa mwaka wa 1901 huko New Orleans, Marekani, katika jamaa maskini. Usiku wa 31 Desemba 1912, watu wakishangilia mwaka mupya, alipiga bastola juu barabarani. Polisi wakamukamata, akapelekwa katika nyumba ya kuwachunga na kuwarudi watoto weusi.

Kule kulikuwa fanfari, na mwalimu wake Peter Davis. Kwanza mwalimu hakumwamini mutoto huyu. Hakumupa tarumbeta, alimupa tari. Nyuma yake ngoma, halafu baragumu ya kuwaita wenzake, mwisho korneti, ndugu ya tarumbeta. Mbele ya kutoka pale mwaka wa 1914, alikuwa amekwisha kuwa kiongozi wa fanfari ile ile.

Mwaka wa 1922 King Oliver alimwita Chicago apige katika orkestra yake. Mwaka wa 1925 Armstrong alianza kurekodi na kundi lake mwenyewe, Hot Five. Na katika Oktoba 1960 alifika kwetu Kongo: kule Léopoldville, Kinshasa ya leo, watu walimubeba juu ya kiti kama sultani. Ni yule yule aliyeanza na tari.

Wengine watasema: fanfari inatoka mbele ya wazazi na kanisa, mutundu atatuletea haya. Ni kweli. Basi siku ya Mungu asitoke na wengine mpaka azabu yake iishe. Lakini mazoezi asikatazwe. Akate majani, afagie, halafu saa ya mazoezi aje, hata kama tutamupa tari tu. Zaburi 150 inataja tarumbeta, na tari inaitaja pia.

Tena tujiulize: yule tunayemufukuza kwa mazoezi, saa ile ataenda wapi? Hataenda kufanya hesabu. Ataenda sokoni ao kule mutoni, pamoja na wale waliomufundisha kosa lile.

Azabu inamuonyesha mutu kosa lake. Kazi tunayomuaminia inamuonyesha kama angali mutu wa kwetu. Vyote viwili vinafaa. Kwa hiyo ninaomba baraza la walimu, kwa heshima yote, liangalie neno hili tena mbele ya kuliandika katika sheria za masomo.