UKURASA WA VIJANA: Mtoto wa Mkahawani na Santuri Yake ya Kwanza



Mwezi uliopita mzee mmoja alitujia na jambo lililomkaa kifuani. Mwanawe wa miaka 16 amemwambia kuwa ataka kuacha masomo akaimbe. Sauti anayo, kutunga ajua, na wako watu waliokwisha kumwahidi kuwa watamtolea albamu kabla ya mwaka kwisha. Karatasi ya mapatano i tayari, yangoja saini tu. Mzee akatuuliza, "Nimkataze kabisa, au nimwache?"

Swali hili halijibiwi kwa neno moja, wala hatukuona vema kumtupia hukumu. Tulimpa kisa cha kweli, na leo twakiandika hapa, kwani twajua kuwa yeye si mzazi wa pekee aliyekosa usingizi kwa jambo kama hili.

Tarehe 21 Julai 1948 alizaliwa mjini London mtoto mwanamume, akaitwa Steven Demetre Georgiou. Baba yake, Stavros, alikuwa Mgiriki wa kisiwa cha Kupro, na mama yake, Ingrid, alikuwa Mswidi. Wazee hao walikuwa na mkahawa katika mtaa wa Shaftesbury Avenue, na jamaa wote walikaa juu ya mkahawa huo. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka kama 8, baba na mama waliachana. Lakini hawakuacha kazi yao, wakaendelea kuuendesha mkahawa pamoja. Steven, kitinda mimba wa watoto watatu, alikua akiwapelekea wageni sahani mezani.

Mtaa ule umejaa majumba ya michezo na nyimbo. Mtoto alipochoka na kazi za nyumbani alikuwa akipanda juu ya paa, akakaa peke yake kusikiliza sauti za muziki zikipepea kutoka mitaa ya jirani. Mapenzi yake ya kwanza yalikuwa kuchora, hata akaingia skuli ya sanaa ya Hammersmith. Lakini alipofika miaka 15 alimbembeleza baba yake amnunulie gitaa, na mzee akatoa pauni 8. Hapo ndipo safari ilipoanza.

Wala hakuanza kwa kutaka kusifiwa jukwaani. Tamaa yake ilikuwa awe mtungaji, atunge nyimbo ziimbwe na wengine. Na jambo hilo alilipata, kwani mwaka 1967 kundi la Tremeloes na mwimbaji mwanamke P. P. Arnold walipata sifa kubwa kwa nyimbo zilizotoka katika kalamu yake.

Lakini alipoanza kuimba mwenyewe katika vilabu vidogo vidogo, lilizuka jambo la jina. Aliona kuwa hapana mtu atakayeingia dukani aulizie santuri ya Steven Demetre Georgiou. Basi akajiita Cat Stevens. Hili laonekana dogo, na huenda lilikuwa dogo kweli. Ila tulikumbuke, maana cha kwanza alichotoa katika biashara hii kilikuwa ni jina alilopewa na wazee wake.

Mwaka 1966 alipatana na Mike Hurst, aliyekuwa zamani mwimbaji wa kundi la Springfields. Hurst alimsikia, akamwamini, akamtengenezea santuri. Kampuni ya Decca ilikuwa ndiyo kwanza inaanzisha tawi lake jipya lililoitwa Deram, na tawi hilo likamchukua. Santuri yake ya mwanzo, "I Love My Dog", ilifika nafasi ya 28 katika orodha ya nyimbo zinazonunuliwa zaidi Uingereza. Ya pili, "Matthew and Son", ilifika nafasi ya 2 mwezi wa Januari 1967. Na mwezi wa Machi mwaka huo huo ikatoka albamu yake ya kwanza, ikapewa jina la wimbo huo, nayo ikapanda hata nafasi ya 7. Umri wake ulikuwa miaka 18.

Kijana asomaye ukurasa huu bila shaka atasema, "Hapo ndipo penyewe!" Na wengi wakisimulia habari za waimbaji hukomea hapo hapo, kwenye picha ya jalada na shangwe za watu. Sisi twaomba tusogee mbele kidogo.

Wimbo ule wa "Matthew and Son" ulikuwa juu ya watu wa kazi, wanaokimbizana na saa tangu alfajiri, wanaomtumikia tajiri wao mwaka baada ya mwaka wala hawathubutu kudai zaidi. Wimbo mzuri, na wa mtoto aliyeyatazama maisha kwa jicho kali. Lakini angalia yaliyomfika mtungaji wake. Mara tu baada ya albamu alitiwa katika msafara wa kuzunguka miji ya Uingereza pamoja na Walker Brothers, Jimi Hendrix na Engelbert Humperdinck. Leo hapa, kesho kule. Usiku kuimba na kukesha, mchana safarini, na katikati yake sigara na pombe. Kabla mwaka 1967 haujaisha akatakiwa atoe albamu ya pili. Ikatoka, na safari hii watu hawakuikimbilia. Naye mwenyewe alikuwa amekwisha kuona kuwa vyombo vingi alivyopambiwa nyimbo zake vyaifunika sauti yake, lakini alikuwa kijana, na wenye kuamua walikuwa wengine.

Mwaka 1968, naye ana miaka 19, mwili ulikataa. Kikohozi kiligeuka kuwa kifua kikuu, akalazwa hospitali huko Midhurst kwa miezi, karibu ya kufa, kisha akakaa karibu mwaka mzima akijiuguza. Kijana aliyewaimbia makarani waliochoshwa na tajiri wao, alikuwa yeye mwenyewe amekuwa karani wa tajiri asiyemwona kwa macho.

Wahenga walisema: kipya kinyemi ingawa kidonda. Sifa ni kinyemi, na kijana haoni kidonda mpaka alale kitandani.

Na pale kitandani ndipo alipopata nafasi ambayo hakupewa tangu siku ile ya paa la nyumba yao: nafasi ya kunyamaza. Alisoma habari za dini mbalimbali, akajiuliza ametoka wapi na aenda wapi, akatunga nyimbo nyingi. Aliporudi mwaka 1970 aliimba kwa upole, gitaa na maneno yakiwa mbele, na nyimbo hizo ndizo zilizomtangaza duniani kote. Basi, kijana wetu, zingatia jambo hili. Kazi iliyodumu haikutoka katika mbio. Ilitoka katika utulivu.

Yaliyofuata Waislamu wengi wanayajua. Katika miaka ya sabini ndugu yake David alimletea tafsiri ya Kurani, na Sura ya Yusuf ikamgusa moyo. Mwezi wa Desemba 1977 alisilimu mjini London, na mwaka 1978 akajiita Yusuf Islam. Aliweka gitaa chini kwa miaka mingi. Mwaka 1983 alianzisha skuli ya Islamia mjini London, na mwaka 1998 skuli hiyo ikawa miongoni mwa skuli za kwanza za Kiislamu nchini humo kupata fedha za serikali. Mwaka 2006 alirudi na albamu mpya ya nyimbo. Katika hukumu ya ala za muziki wanavyuoni wametofautiana, na ukurasa huu mdogo si mahali pa kuamua baina yao. Twasema tu kuwa aliyebadilishiwa jina na biashara alipokuwa kijana, alipokuwa mtu mzima alijichagulia jina mwenyewe. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Sasa turudi kwa mzee wetu. Tulimwambia hivi: Baba yake Steven aliweza kumnunulia mwanawe gitaa kwa pauni 8, lakini hakuweza kumnunulia usingizi. Kwa hivyo kabla hujasema "ndiyo" au "la", keti na mwanao, muisome karatasi ile pamoja, neno kwa neno, na mumtafute mwanasheria mwaminifu wa kuwaeleza msiyoyafahamu. Mtoto wa miaka 16 asitie saini peke yake. Nyimbo atakazotunga zitakuwa mali ya nani? Fedha zitapita mikononi mwa nani, na hesabu ataonyeshwa lini? Masomo yake yatakwenda vipi? Atalala saa ngapi, na vipindi vya sala atavipata? Tena la mwisho, ambalo ndilo kubwa: siku atakaposema, "Leo nimechoka," ni nani katika watu hao atakayemjibu, "Basi pumzika, mwanangu"?

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi sitamkataza, wala sitamwacha. Nitakaa naye."

Nawe kijana, usidhani kuwa mzee akuulizaye maswali haya akuonea kijicho. Watu wa kukupigia makofi utawapata popote. Wa kukuuliza kama umekula na umelala ni wachache, na karibu wote wako nyumbani kwenu. Ikiwa watu wale wanayo nia njema, karatasi yao haitaogopa kusomwa na baba yako. Na ikiwa hawawezi kungoja umalize skuli, jiulize ni kitu gani wanachokikimbilia.

Wabillahi taufiq.