Goti lililofura halikandwi

Hamali akiteguka goti Mwembe Tayari, Mombasa, hukumu hupitishwa hata hajainuliwa chini: mshipa umeruka, apelekwe kwa mkandaji. Mafuta ya ufuta yanapashwa moto, goti linavutwa "lirudi". Akipiga ukelele, waliomshika mabega wanatazamana kwa furaha, eti dawa imeshika. Nia ni njema, lakini kitendo chenyewe ni ukatili.

Tazama anavyoumia. Gunia liko begani, mguu umenasa kwenye ukingo wa barabara, kiwiliwili na mzigo vinageuka. Goti, ambalo kazi yake hasa ni kukunja na kukunjua, linasokotwa. Ndani kunalia "ta!" na kabla ya magharibi limekuwa kama dafu. Goti likifura upesi hivyo, mara nyingi ni damu imejaa ndani: ile kano ya katikati, inayouzuia muundi usichomoke mbele, imekatika. Au limechanika moja la yale magegedu mawili yenye umbo la mwezi mwandamo, kipande kikajipachika kati ya mifupa na mguu ukakataa kunyooka. Sasa huyo mkandaji anavuta nini, kirudi wapi? Siku mbili tatu za mwanzo, moto na kukanda huzidisha damu na uvimbe. Na ikiwa pia ya goti imepasuka, Mungu amsaidie.

Wachezaji wa kandanda nao ni vivyo hivyo. Wengi hukatika kano hiyo bila kuguswa na mtu, wanapotua au kugeuka ghafla. Ndipo hapo watu huanza kumsaka mwenye kijicho.

Najua nitakavyojibiwa: "Hospitali tulikwenda, picha ikapigwa, tukaambiwa mfupa hauna neno, tukapewa tembe." Hapo lawama ni ya hospitali. Eksirei huonyesha mfupa. Kano na gegedu haizionyeshi. Mtu asiyeweza kukanyaga akiambiwa hana neno, ataacha vipi kwenda kwa mkandaji? Goti lipimwe kwa mikono, na uvimbe ukipungua lipimwe tena.

Wengine wanaogopa kisu. Utafiti uliofanywa Uswidi na kutolewa mwaka 2010 uliwafuatilia vijana 121 waliokatika kano ile ya katikati. Kati ya 59 walioanzishiwa mazoezi kwanza, 23 tu ndio waliofanyiwa upasuaji wa kano katika miaka miwili, na kundi hilo halikuwa nyuma ya wale waliopasuliwa mapema.

Barafu haikosi Mombasa. Ifungwe kwa kitambaa, iwekwe dakika 20, goti lifungwe bendeji, mguu uinuliwe juu ya mto. Asiyeweza kwenda hatua nne apigwe picha siku hiyohiyo. Goti likiwa la moto na mtu ana homa, asingoje kuche, kwani usaha huliharibu kabisa. Kisha yafuate mazoezi ya paja, kwa wiki na miezi. Mkimbiaji David Rudisha aliumia goti mwaka 2013 akakosa mashindano ya dunia ya Moscow. Mwaka 2016 alitwaa dhahabu Rio.

Lakini Rudisha halipwi kwa gunia. Hamali asipobeba leo, jioni nyumbani hakupikwi. Mchango wa kumlipa mkandaji hupatikana palepale, kofia ikazungushwa mara moja tu. Wa posho ya wiki sita, mguu upone, sijauona ukizungushwa.