Peleka mtoto ushago, hata mfuko ukiwa umetoboka

Kila Desemba pale Machakos Country Bus, Nairobi, nauli hupanda kila saa. Ndipo wewe, kijana mwenzangu, unajiambia, "Mtoto nitampeleka ushago mwaka ujao, nikishajipanga."

Nami nilisema hivyo Krismasi mbili mfululizo. Nilikuwa nimeacha chuo, kazi hakuna, na maswali ya wajomba sikuyataka. Mwaka wa tatu nikaenda. Binti yangu, miaka mitatu, alipomwona mama yangu alijificha nyuma ya miguu yangu. "Huyu ndiye nyanya wa kwa simu?" Mama alicheka. Kisha akaingia jikoni, akakaa huko kitambo.

Usingoje pesa. Safiri kabla ya tarehe 20, nauli ikiwa bado na adabu. Unga, sukari na majani chai vinatosha kuingia navyo bomani. Kama kwenu ni upande wa ziwa, beba neti, maana malaria haina likizo. Na mtoto akikataa kubebwa na kila shangazi, usimlazimishe. Mpe siku mbili. Wangu kufikia tarehe 25 alikuwa anafukuza kuku na binamu zake, uji umemkauka shavuni.

Na maswali ya wajomba? Yalikuja, yakaisha kabla chai haijapoa. Ila ile miaka miwili hakuna wa kumrudishia mama. Piga simu nyumbani leo, waambie mnakuja.