Kontena Lisitangulie Fundi

Mashine ya ultrasaundi inayoondolewa katika hospitali ya Ujerumani au Marekani mara nyingi bado ni nzima. Imeondolewa kwa kuwa mkataba wa matengenezo umekwisha, au kwa kuwa hospitali imenunua mpya. Ikifika Masinga, Kaunti ya Machakos, mashine hiyohiyo inaweza kumwonyesha mkunga kwamba mtoto amekaa vibaya tumboni wiki kadhaa kabla ya uchungu kuanza. Hatuna ugomvi na kifaa kilichotumika. Tunachokataa ni namna kinavyoletwa.

Mama wa Kivaa au Ndithini akiandikiwa kipimo kisichopatikana karibu, hana budi kufunga safari hadi Matuu, Thika au Machakos. Kuna nauli, kuna siku ya kazi inayopotea, na akifika huenda akaambiwa arudi kesho. Ndiyo maana mhisani akisema ana mashine ya bure, hakuna daktari wala mwakilishi wa wadi anayetaka kuonekana akiikataa. Kontena linatoka bandari ya Mombasa, utepe unakatwa, picha zinapigwa. Maswali yanaanza wageni wakishaondoka.

Tuseme ni mashine ya kupima kemia ya damu. Nyingi kati ya hizi hufanya kazi kwa reajenti, yaani kemikali za kupimia, za kampuni iliyoziunda tu. Ukiweka za kampuni nyingine, mashine inasoma alama za chupa na kugoma. Kampuni ikiwa haina wakala Nairobi, maabara itapima hadi chupa zilizokuja na kontena ziishe, basi. Au tuseme ni eksirei. Wakati wa kupiga picha, kwa sehemu ndogo ya sekunde, huvuta umeme mwingi mno, na laini dhaifu ya kijijini haiwezi kuustahimili. Bwawa la Masinga limekuwa likizalisha umeme tangu 1981, lakini mashine haijali bwawa liko umbali gani. Inachohitaji ni stima isiyoyumba; yetu ni ya volti 240, ilhali mashine ya Marekani huenda iliundiwa volti 120. Inahitaji pia chumba chenye kinga ya mionzi na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya. Hayo yote hayamo ndani ya kontena.

Wanaojua mambo haya hawajanyamaza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulipitia orodha za vifaa zaidi ya 112,000 katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, ukakuta takriban 40% havifanyi kazi. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa misaada ya vifaa tangu 2000, na kanuni yake moja ingetosha kubandikwa katika kila afisi ya mhisani: kisichokubalika kwako usimpe mwenzako.

Wala tusiwaangalie wageni peke yao. Mwaka 2015 serikali yetu wenyewe ilikodi vifaa kwa ajili ya hospitali 98 nchini, kwa mkataba wa takriban shilingi bilioni 38. Vilikuwa vipya, na mkataba ulikuwa na mafunzo na matengenezo. Hata hivyo, baadhi ya hospitali zilibaki na vifaa ndani ya maboksi kwa kukosa maji, stima, vyumba au wahudumu, huku makato ya kila kaunti ya kulipia vifaa hivyo yakipanda kutoka shilingi milioni 95 hadi milioni 200 kwa mwaka. Kamati ya Seneti iliyochunguza mpango huo ilitoa ripoti kali mwaka 2020. Ikiwa kifaa kipya chenye mkataba kilikwama, kile cha mitumba kisicho na hata kitabu cha maelezo kitaponea wapi?

Halafu kikiharibika, hakitoki. Kishakuwa mali ya umma, na sheria ya ununuzi na uondoaji wa mali ya umma ya 2015 haimruhusu msimamizi kukitupa siku anayotaka. Lazima kipitie kamati na taratibu zake. Kwa hivyo chumba ambacho kingewekwa vitanda viwili kinageuka ghala la vyuma, na gharama ya kukiondoa inabaki kwetu, si kwa aliyekitoa.

Tunaitaka idara ya afya ya Kaunti ya Machakos ianze upande wa pili. Chuo cha mafunzo ya matibabu, KMTC, kinafundisha mafundi wa vifaa vya matibabu. Aajiriwe fundi wa kuhudumia Masinga na majirani zake, apewe bajeti ya vipuri na usafiri, na neno lake lisikizwe kabla ya zawadi yoyote kukubaliwa. Yeye ndiye anayeweza kujua kwamba ultrasaundi iliyoko hospitalini imekufa kwa sababu ya probu tu, ile inayopitishwa tumboni, iliyoanguka kwenye sakafu ya saruji na sasa inatoa picha yenye mistari myeusi. Probu moja ingeirudisha kazini, wala hakungekuwa na haja ya kontena.

Wakenya walioko ughaibuni, ambao tunajua wanachanga kwa moyo safi, wapigie hospitali kwanza na kuuliza inakosa nini. Pengine jibu litakuwa betri, stabilaiza, au mshahara wa fundi kwa mwaka mmoja. Havipendezi kwenye picha, lakini ndivyo vinavyompa mgonjwa majibu siku hiyohiyo.

Na mhisani mwenye mashine kamili aje na hati ya majaribio yaliyofanywa kabla ya kusafirishwa, reajenti na vipuri vya angalau miaka miwili, jina la wakala aliye Kenya, na ahadi ya maandishi kuhusu nani atakiondoa kifaa kikichakaa. Akishindwa kutoa hayo, msimamizi wa hospitali aandike barua ya kukataa, na gavana asimame naye hadharani.