Macho ya Wakala wa Irembo

Tangu mfumo wa Irembo uanze mwaka 2015, huduma nyingi za serikali ya Rwanda zimehamia mtandaoni, na mawakala wa Kigali hushinda mbele ya kompyuta. Jioni macho yao ni mekundu, yanachoma kama yameingia mchanga. Anayekodolea skrini hupepesa macho mara chache, machozi yakakauka; vumbi la kiangazi, Juni hadi Agosti, huzidisha ukavu huo. Waajiri wawaruhusu, kila baada ya dakika 20, kutazama mbali kwa sekunde 20, hata kilima cha Rebero dirishani. Skrini iwe chini kidogo ya usawa wa macho, feni isipulize usoni. Wasiopata nafuu waende kituo cha afya, ambako wauguzi wamefunzwa kupima macho, kabla ya kununua miwani barabarani.