Mbegu ya Kuchi Haijengwi na Jogoo Mmoja

Kuchi, kuku mrefu wa Shinyanga, Mwanza na Tabora, anatafutwa kwa bei nzuri, na wafugaji wengi wanataka kumzalisha kwa wingi bila kupoteza umbo lake: kifua wima, miguu mirefu, mdomo mfupi uliopinda. Nia hiyo naiunga mkono. Ninayoyapinga ni madai manne yanayoambatana nayo, kwa kuwa yakifuatwa yatamdhoofisha kuku yuleyule tunayetaka kumwendeleza.

Dai la 1: "Jogoo mmoja bora anatosha."

Anatosha kujaza banda, si kujenga mbegu. Penye jogoo 1 na matetea 20, vifaranga wote ni ndugu wa baba mmoja. Wataalamu hupima hali hiyo kwa hesabu rahisi: zidisha majogoo kwa matetea, kisha kwa 4, halafu gawanya kwa jumla ya kuku wote. Jibu ni 3.8. Maana yake, kundi la kuku 21 linapoteza utofauti wa vinasaba kwa kasi ya kundi la kuku wasiofika 4. Ongeza matetea hadi 100, jibu bado halifiki 4. Lakini weka majogoo 5 wasio ndugu kwa matetea walewale 20, linapanda hadi 16.

Dai la 2: "Damu safi hupatikana kwa kupandisha ndugu kwa ndugu."

Ni kweli, vifaranga huanza kufanana upesi. Ila jogoo akipandishwa kwa dada yake wa baba na mama mmoja, au kwa binti yake, kila jeni ya kifaranga ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuwa na nakala mbili za asili moja. Kasoro iliyokuwa imefunikwa na nakala nzima ya mzazi wa pili sasa inajitokeza: viinitete vinafia ndani ya mayai, vifaranga wanadumaa, kinga inapungua. Wala Kuchi mwenyewe hakuchipuka peke yake: uchunguzi wa vinasaba umeonyesha ukaribu wake na Shamo, kuku wa kupigana wa Japani.

Dai la 3: "Chagua wakubwa tu."

Uzito ndio unaomuuza Kuchi, lakini kuku wa kijijini anahitaji pia kutaga, kuatamia, kujitafutia chakula na kuhimili mdondo. Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walipomlinganisha na kuku wa kienyeji wa umbo la wastani, walipima uzito, mayai na pia jinsi mwili unavyoitikia chanjo ya mdondo. Tena wakubwa 5 wa bandani wanaweza kuwa watoto wa mama mmoja. Afadhali kuchukua jogoo bora wa kila ukoo, hata kama mmoja ni mdogo kidogo, kuliko 5 bora wa ukoo mmoja.

Dai la 4: "Sasso na Kuroiler wataboresha mbegu."

Sasso wa Ufaransa na Kuroiler wa India hukua haraka, na kuuza chotara wao ni biashara nzuri. Hatari inaanza chotara anaporudishwa kwenye kundi la wazazi, kwa kuwa damu ikishasambaa humo ni vigumu mno kuiondoa. Kundi likihitaji damu mpya, itafutwe kwanza kwa Kuchi wa mbali: mfugaji wa Shinyanga abadilishane majogoo na wa Tabora. Jogoo mgeni achanjwe na atengwe kabla ya kuingia bandani.

Mfugaji mdogo anaweza kuanza na mabanda 3, kila moja na ukoo wake. Matetea wabaki banda la mama zao. Majogoo wachanga wa banda la 1 waende la 2, wa 2 waende la 3, wa 3 waende la 1. Pete za rangi miguuni na daftari la uzazi vitalinda mpango huo. Wala tusikiachie kituo kimoja cha uzalishaji kazi hii ya kutunza mbegu, maana mlipuko mmoja wa mdondo unaweza kufuta kundi lililokusanywa mahali pamoja. Kuchi atadumu wafugaji wa wilaya mbalimbali wakikubaliana kutunza majogoo wengi wa koo tofauti, na kila anayeuza jogoo wa mbegu akamkabidhi mnunuzi na kumbukumbu za ukoo wake.