Mtumishi mgeni asiachwe peke yake

Halmashauri zetu tatu, Mji wa Mbulu, Wilaya ya Mbulu na Hanang, hupokea walimu, wauguzi na maofisa ugani kutoka kila pembe ya nchi. Wapo kati yao wanaokaa mwaka mzima bila kuwa na mtu hata mmoja kazini wa kumweleza yaliyo moyoni. Baadhi yetu wenyeji huona hayo ni mambo yao binafsi. Hatukubaliani na mtazamo huo.

Mwalimu kijana wa Lindi anaripoti kituoni mwezi wa saba, baridi ya Mbulu ikiwa imekolea. Mkuu wa shule anapokea barua yake, anamwonyesha daftari la mahudhurio, anamgawia vipindi. Saa nne chai inamiminwa katika chumba cha walimu. Wenzake wanataniana kwa Kiiraqw na kuangua kicheko, naye anainamia simu. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Jioni anafunga mlango wa chumba alichopanga, na hakuna atakayeubisha hadi kesho.

Lugha ina uzito wake huku kwetu. Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatoga ni cha Kinailoti, Kinyiramba ni Kibantu, na Kihadza cha Yaeda Chini hakina ndugu anayejulikana. Ni utajiri ambao sehemu chache sana za Afrika zinao. Lakini aliyelelewa kwa Kimakonde au Kiha, akiwa Singida huenda akabahatisha neno moja moja la Kinyaturu, kwa kuwa zote ni za Kibantu. Akiwa Dongobesh, huku Mbulu, hadaki kitu. Kuendesha kikao cha kazi, au hata soga za chai, kwa lugha asiyoielewa mmoja wenu ni kumtoa nje huku amekaa ndani.

Asije mtu akasema upweke ni ugonjwa wa Wazungu. Ripoti ya tume ya Shirika la Afya Duniani iliyotolewa Juni 2025 ilionyesha kuwa mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Katika nchi zenye kipato cha chini waliosema ni wapweke walifika kama asilimia 24. Katika nchi tajiri, asilimia 11 hivi.

Tunajua kuzikana. Mtumishi akifiwa, michango inapita na gari la kwenda msibani linapatikana. Hilo ni jema na lisiachwe. Ila wakati mwingine tunamchangia mtu ambaye hatujawahi kukanyaga kwake, na siku ya maafa kutojuana huko ni hatari. Asubuhi ya Jumapili, 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuikumba Katesh na vijiji vya jirani, Gendabi kikiwemo. Watu 89 walipoteza maisha. Siku kama ile, tena ya mapumziko, daftari la mahudhurio halimsaidii mkuu wa kituo kitu. Mwenye pa kuanzia kutafuta ni yule anayejua mwenzake amepanga nyumba ipi, analala chumba kipi, na ndugu zake wanapatikana kwa namba gani. Tunawauliza wakuu wa vituo: mnayajua hayo kwa kila mtumishi wenu?

Bonanza la mara moja kwa mwaka halitoshi, wala kundi la WhatsApp lililojaa matangazo. Watu huzoeana kwa kufanya kazi bega kwa bega. Wairaqw wanalijua hilo tangu zamani: mwenye shamba aliita majirani, wakalima lake leo na la mwingine kesho, jioni wakanywa pombe pamoja. Muuguzi mgeni apangwe na mwenyeji kwenda huduma ya mkoba. Wakishasukuma pikipiki kwenye matope huku wamekumbatia boksi la chanjo, wakapima watoto chini ya mti mmoja hadi alasiri, wakagawana mahindi ya kuchoma njiani, watarudi wakiitana kwa majina.

Mgeni naye ana wajibu. Anayekuja akisema wazi kwamba anatafuta cheki namba tu, kisha kila jioni anatafuta wa kubadilishana naye kituo, anawafunga wenzake mikono. Ajifunze salamu. Aende mnadani. Akisikia msiba kwa jirani, asisubiri kuitwa.

Hata hivyo mzigo mkubwa ni wa aliyemtangulia. Mafunzo elekezi hufundisha kanuni za utumishi, nayo ni ya lazima, lakini hayamwambii mtu maziwa yanauzwa wapi, msikiti au kanisa lake liko upande gani, nani wa kumgongea akiugua usiku. Tunapendekeza kila kituo kimpe mwajiriwa mpya mwenyeji wake kwa miezi mitatu ya kwanza, mtumishi wa rika lake ikiwezekana, atakayemtembelea nyumbani ndani ya wiki ya kwanza. Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, CWT cha walimu na TUGHE cha watumishi wa serikali na afya, ambao wanachama huwakumbuka zaidi makato yanapopita, wasimamie jambo hili. Waajiriwa wajao wakiripoti, orodha ya wenyeji hao iwe tayari mezani kwa ofisa utumishi.